Turbo ya gari la spoti kwa bajeti ndogo: anza na hospawa unazotaka, turbo baadaye

Swali la "ninunue turbo gani" naulizwa sana (turbo ni ile pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani) na karibu kila mara linakuja likiwa limeanzia mwisho. Mtu anakutumia picha ya turbo kubwa inang'aa, feni imechongwa vizuri mpaka unaitamani, anauliza hii inafaa gari yangu? Ukimuuliza injini ni lita ngapi, unataka hospawa ngapi, petroli unayopata ni ya okteni gani, gari ni ya kwenda kazini kila siku au ni ya wikiendi tu, kimya. Sasa hapo hata fundi bingwa hawezi kukujibu, maana hakuna turbo nzuri hivi hivi tu, kuna turbo inayoendana na injini fulani na matumizi fulani, ile inayoifanya injini ya lita 3 iruke inaweza kuifanya injini ya 1.6 ilale mpaka RPM 5000 (mizunguko ya injini kwa dakika) ndo ianze kushtuka, na RPM 5000 barabarani unaifikia mara ngapi kwani?

Nasema mapema kabisa upande niliopo ili ukisoma ujue naelekea wapi. Kama hela ni ya kuungaunga, turbo ndogo orijino ya kiwandani iliyotolewa kwenye gari lenye nguvu zaidi kidogo kuliko lako itakupa gari tamu kuliko turbo kubwa mpya ya bei ya kutupa. Na hela itakayobaki ina kazi nyingi sana za kufanya, tutazifikia.

Hebu kwanza tufanye hesabu, karatasi moja na kalamu vinatosha. Injini ya stroki nne inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ya lita 2.0 ikiwa kwenye RPM 7000 ina nafasi ya kuvuta lita 7000 za hewa kwa dakika, yaani 2 mara 7000 gawa kwa 2. Silinda hazijai asilimia mia, tuseme zinajaa asilimia 90, tunabaki na lita 6300. Hewa ya kawaida usawa wa bahari ina uzito wa kama kilo 1.2 kwa kila lita 1000, kwa hiyo injini yetu bila turbo inakula kilo 7.6 hivi za hewa kila dakika. Watengenezaji wengi wa turbo wanaandika hewa kwa paundi, na hiyo ni karibu paundi 17. Kanuni ya haraka ambayo watu wa turbo za petroli wanaitumia ni kwamba paundi moja ya hewa kwa dakika inakupa kama hospawa 10 kwenye injini, kwa hiyo hapo upo kwenye hospawa 160 na kitu, na ukiangalia injini nyingi za 2.0 zisizo na turbo utaona hesabu haiko mbali na ukweli.

Sasa weka boosti, yaani presha ambayo turbo inaongeza juu ya ile ya hewa ya nje, ya bari 1. Presha ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, inakuwa mara mbili ya hewa ya nje, ila hewa ikibanwa inapata joto, na hata ikipita kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, haitoki na ubaridi ule ule iliyoingia nao, kwa hiyo hupati hewa mara mbili kamili, unapata kama mara 1.8. 17 mara 1.8 ni paundi 30 na ushee, hospawa 300. Umeshapata jibu la nusu ya swali lako na hujaangalia picha ya turbo hata moja: unatafuta turbo inayoweza kutoa paundi 30 za hewa kwa dakika kwenye uwiano wa presha wa 2, na itoe hapo ikiwa imetulia.

Huo uwiano wa presha watu wanauruka na hawatakiwi kuuruka. Ni presha ya hewa inayotoka kwenye kompresa, upande wa turbo unaosukuma hewa, gawa kwa presha ya hewa inayoingia, na hizo zote unahesabu na presha ya anga ndani yake. Kama upo usawa wa bahari, boosti ya bari 1 ni uwiano wa 2 kasoro kidogo. Kama unaishi sehemu ya juu, mita 1500 hivi, presha ya anga imeshuka mpaka kama bari 0.84, geji inakuonyesha boosti ile ile ya bari 1 lakini uwiano umepanda mpaka karibu 2.2, maana yake turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufanya kazi ambayo geji inakuambia ni ile ile. Turbo ambayo huko pwani ilikuwa na nafasi ya kupumua, huku juu inaweza kuwa imefika mwisho wake. Kwa hiyo mtu wa mlimani akimuiga mtu wa baharini kila kitu mpaka boosti, turbo haitadumu muda ule ule.

Ukishakuwa na namba mbili hizo, paundi za hewa na uwiano wa presha, ndo unafungua mapu ya kompresa. Garrett na BorgWarner wanazitoa bure kabisa kwa turbo wanazouza, na mchoro wenyewe unaonekana kama ramani ya mlima yenye mistari ya miinuko, chini umeandikwa kiasi cha hewa, pembeni uwiano wa presha, na yale maduara ya katikati ni ufanisi. Upande wa kushoto kuna mstari wa saji, ukiuvuka hewa inarudi nyuma kwenye feni na turbo inapigwa mshtuko, ukiisikia ikifanya hivyo gari likiwa linavuta, achia mguu kabla shafti na beringi hazijachoka. Upande wa kulia kabisa feni imeshindwa, hata ukiongeza kasi haitoi hewa zaidi, inatoa joto tu. Weka alama yako ya RPM ya juu, weka na nyingine ya pale unapotaka boosti ianze, tuseme RPM 3500, uone kama zote mbili zimeingia ndani ya mchoro. Turbo kubwa mno alama ya chini inaanguka kushoto nje ya mstari, turbo ndogo mno alama ya juu inatoka kulia.

Na ufanisi sio kitu cha vitabuni, ni joto kabisa. Hewa ya nyuzi 25 ukiibana kwa uwiano wa 2 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75, inatoka kwenye nyuzi 110 hivi. Ukiibana na kompresa iliyosukumwa nje ya eneo lake mpaka ufanisi ukashuka asilimia 60, inatoka karibu nyuzi 133. Boosti kwenye geji ni ile ile, lakini hewa ni nyepesi zaidi, intakula inabeba mzigo mkubwa zaidi na injini ipo karibu zaidi na kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Ndo maana nakasirika mtu akisema "nimepiga bari 1.5 kwenye turbo ya kiwandani" kama vile boosti yenyewe ni nguvu. Boosti ni presha, nguvu inatoka kwenye uzito wa hewa iliyoingia na petroli iliyochomwa nayo.

Upande wa moshi ndo unaoamua gari litakuwa na tabia gani. Hapa utakutana na A/R, ambayo ni ukubwa wa njia ya moshi ndani ya hauzingi (ganda la chuma linalofunika feni) gawa kwa umbali wake kutoka katikati ya shafti. Namba ndogo, moshi unapita kwa kasi, turbo inaamka mapema, ila juu inabana, moshi unakosa pa kutokea na presha inajaa kwenye manifoldi ya ekzosi mpaka inazidi boosti yenyewe, na hapo moshi moto unabaki kwenye silinda unaharibu hewa mpya inayoingia. Namba kubwa, kinyume chake. Familia moja ya turbo inaweza kuja na hauzingi ya 0.63, 0.82 na 1.06, feni ni zile zile, lakini ukiendesha ni magari matatu tofauti. Kwa injini ya 2.0 ya barabarani mimi nachukua ile ndogo kila siku bila kufikiria mara mbili, hospawa chache za juu zikipotea zipotee.

Kuna watu watabisha hapa kwamba lagi, ule muda wa kusubiri turbo iamke, ni kitu cha kuzoea tu. Sikubaliani, na historia ya mbio iko upande wangu. Renault waliingia Formula 1 mwaka 1977 na injini ya lita 1.5 yenye turbo moja kubwa, nguvu ilikuwepo lakini dereva anakanyaga halafu anasubiri, na kwenye kona kusubiri ni kupotea. Mwaka 1979 wakaenda kwenye turbo mbili ndogo badala ya ile moja, na mwaka huo huo Jean-Pierre Jabouille akashinda Dijon, ushindi wa kwanza wa injini ya turbo kwenye Formula 1. Wale walikuwa na madereva wa kulipwa na gari la kilo chache, bado lagi iliwasumbua, sasa wewe mwenye gari la kilo 1200 na taa za barabarani kila baada ya hatua chache?

Kama manifoldi na hauzingi zote ni za njia mbili, yale mambo ya twini skroli, hiyo inasaidia sana kuamka mapema kwenye silinda nne, maana moshi wa silinda ya 1 na 4 unapita kwake na wa 2 na 3 kwake, mipigo haigongani. Ila isikutoe kwenye bajeti, na usinunue hauzingi ya njia mbili ukaifunga kwenye manifoldi ya njia moja, faida yote imekufa pale.

Sasa injini yenyewe inabeba nini? Hili swali nalipa uzito kuliko yote. Injini iliyotoka kiwandani na turbo tayari ina pistoni za kushusha mbano (kiasi ambacho silinda inabana hewa), ina vijito vya kupiga oili chini ya pistoni kwenye nyingi zao, ina mfumo wa upoaji uliofikiriwa. Injini ambayo haikuwa na turbo, yenye mbano wa 10 kwa 1 au zaidi, unaweza kuiwekea turbo na ikaishi, lakini kwa boosti ya chini, bari 0.4 au 0.5, na kutuni, yaani kupanga kompyuta ya injini, kwa makini sana. Na kinachovunja konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, mara nyingi ni toki (nguvu ya kuzungusha) kubwa ikija chini kabisa kwenye RPM 2500 au 3000, kuliko hospawa za kule juu. Kwa hiyo hata hiyo turbo ndogo ninayoisifia isifunguliwe boosti yote mapema, fundi wa kutuni anaweza kuipandisha polepole kadiri RPM inavyopanda.

Kugonga ndo adui namba moja na sio jambo la leo. Oldsmobile walipotoa Jetfire mwaka 1962, moja ya magari mawili ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa watu wa kawaida, nyingine ikiwa Chevrolet Corvair Monza Spyder, waliacha mbano wa 10.25 kwa 1 na kwa sababu hiyo gari lilihitaji tenki dogo la mchanganyiko wa maji na methanoli wa kupoza silinda. Wenye magari wengi hawakuwa wanajaza, mfumo ukawa unasumbua, na gari halikudumu sokoni. Tangu hapo sheria haijabadilika: mbano, boosti, okteni na joto la hewa vinakula sahani moja, ukiongeza kimoja lazima upunguze kingine. Kama petroli unayoipata kwa uhakika ni ya okteni ya chini, panga turbo na boosti kwa petroli hiyo, usipange kwa petroli nzuri utakayoipata mara moja moja.

Haya tuje kwenye turbo zenyewe ambazo mtu wa bajeti anaweza kuzikimbilia. Uzuri wa magari ya spoti ni kwamba viwanda vilitengeneza gari la kawaida na kaka yake mkali, na mara nyingi turbo ya kaka inaingia kwa mdogo na marekebisho machache. Nissan Silvia S13 yenye injini ya SR20DET ilitoka na turbo ya T25, hospawa 205 za Kijapani, S15 ikatoka na T28 ya ball beringi (beringi za gololi) na 250. T28 ya S15 inakaa kwenye manifoldi ya S13, unahangaika na mabomba ya oili na maji na kiunganishi cha ekzosi basi. Hiyo ndo ninayoiendesha mimi na siibadilishi, ukikanyaga kwenye 3000 tayari ipo, ukitoka kwenye kona haikuachi. Subaru WRX yenye TD04 inapokea VF39 ya STI karibu kama imetengenezewa. Wenye Mitsubishi Eclipse ya kwanza yenye injini ya 4G63 na turbo ya 14B wamekuwa wakichukua 16G kubwa ya Evo III miaka na miaka. Volkswagen na Audi za 1.8T zinatoka K03 kwenda K04, hapo uwe makini kwa sababu K04 zipo za aina tofauti, nyingine zinaingia moja kwa moja na nyingine zinataka manifoldi yake. Volvo nao wana ngazi yao ya TD04 kutoka 13T, 15G mpaka 19T.

Kama unataka mpya na hela inaruhusu, Garrett GT2860RS kwa injini ya 1.8 mpaka 2.0 ni turbo ambayo sijawahi kusikia mtu akiijutia, inagusa hospawa 350 ikisukumwa mwisho na inaamka kama turbo ya kiwandani. GT3582R ni turbo nzuri mno, ya hospawa 600, na ndo maana haifai kwenye 2.0 ya barabarani yenye pistoni za kiwandani. Nashangaa inavyopendekezwa ovyo.

Halafu kuna turbo za malori. Holset HX35 kutoka kwenye Cummins lita 5.9 za Dodge Ram, ngumu kama nini, zinapatikana mtumba kirahisi kwa sababu malori na pikapu zinauzwa vipande vipande. Watu wamezifunga kwenye injini za petroli na zimewapa nguvu nyingi kwa hela kidogo, huo ni ukweli. Ila zilitengenezwa kwa injini ya lita karibu 6, kwa 2.0 itachelewa, ni turbo ya mtu anayetaka hospawa zaidi ya 400 na anaelewa gari litakuwa tupu chini. Na dizeli moshi wake ni wa joto la chini kuliko petroli, petroli ikivuta kwa muda mrefu moshi unaweza kufika nyuzi 950 na zaidi, kwa hiyo kwa kazi ya mzunguko mrefu wa mbio uwe na wasiwasi na hauzingi na feni ya upande wa moto. Zile turbo za dizeli zenye mabawa yanayojikunja ndani ya hauzingi, kwa mtu wa bajeti mwenye petroli, naomba usiziguse. Porsche walifanikiwa kuziweka kwenye 911 Turbo ya 2006 kwa kutumia vyuma maalumu vya kuhimili joto hilo, wewe wa mtumba unapata vyuma vya dizeli.

Ukinunua mtumba, nenda na tochi na usione aibu kukaa nayo muda mrefu. Shika shafti, ivute mbele na nyuma, isicheze kwa kiasi cha kusikika mkononi. Ipeleke juu na chini, hapo turbo ya beringi za kawaida inacheza kidogo ikiwa kavu na hiyo ni sawa, oili ndo inajaza ile nafasi, ila feni isiguse hauzingi hata ukiisukuma huku unaizungusha. Angalia ncha za feni zote mbili, ncha iliyopinda au kuliwa kidogo tu inatosha kuharibu balansi, na kitu kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hakina msamaha na balansi. Chungulia tundu la westigeti, ule mlango unaopitisha moshi pembeni ili boosti isizidi, ndani ya hauzingi ya moshi, nyufa nyingi zinaanzia pale, nyufa ndogo zinaishi, zinazofika kwenye ukingo wa feni achana nazo. Shafti ikiwa na rangi ya bluu, ilikosa oili ikaungua. Na kama ni turbo za zamani za Kijapani uliza kama feni ya moshi ni ya kauri, Nissan waliweka kwenye RB26 za Skyline na Toyota kwenye CT12A za injini ya 1JZ, ni nyepesi na zinaamka haraka lakini ukipandisha boosti zinaachia na kupasuka, hazifai kwa mtu anayetaka kuongeza chochote.

Katriji ya ndani, kile kiini chenye shafti na beringi, ikiwa imechoka lakini hauzingi ni nzima, bado ni mali. Kuna mafundi wa turbo wanaobadilisha beringi na sili na kuibalansi kwenye mashine, na turbo ya Mitsubishi au IHI iliyotengenezwa upya hivyo na mtu anayejua kazi mimi naiamini kuliko boksi jipya lisilo na jina. Ila hakikisha wameibalansi kweli, omba karatasi ya majibu ya mashine. Jamaa yangu mmoja aliuziwa turbo yenye nembo ya kampuni kubwa, bei nusu, boksi zuri, ikaanza kulia kama king'ora wiki za mwanzo tu, ilipofunguliwa feni ilikuwa imeshakwangua hauzingi na vipande vidogo vya alumini vimeshaingia kwenye intakula. Turbo feki ikifa inaondoka na injini, hapo bei nusu imegeuka mara kumi.

Ball beringi au beringi za kawaida? Ball beringi inaamka mapema kidogo na inapendeza, lakini bei yake inapanda na kuirekebisha ni shida. Kwa bajeti ndogo beringi za kawaida zinatosha kabisa, oili safi na nzuri ndo muhimu. Kitu kimoja usichanganye, ball beringi inataka oili kidogo, mara nyingi kuna kitundu cha milimita 1 hivi cha kuibana pale inapoingia, ukiiacha oili yote iingie inavuja kwenye sili na unaanza kusema turbo mbovu. Za kawaida zinataka oili ya kutosha, usiibane. Na bomba la kurudisha oili liwe pana, lishuke moja kwa moja mpaka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), liingie juu ya usawa wa oili, lisiwe na kona ya kupanda, maana oili inarudi kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Turbo nyingi sana zinazotoa moshi wa bluu zimehukumiwa bure, kosa lilikuwa kwenye hili bomba. Kama turbo ina njia za maji, yaunganishe, usiyazibe kwa sababu ni kazi nyingi. Injini ikizimwa ikiwa moto yale maji ndo yanaiondolea joto, bila hivyo oili inaungua inakuwa mkaa ndani ya beringi.

Westigeti ya ndani inatosha kwa hospawa tulizoongelea hapa. Ikitokea boosti inapanda yenyewe kadiri RPM inavyopanda bila wewe kuiambia, basi tundu la westigeti ni dogo kuliko moshi unaotakiwa kupita, hasa ukishafungua ekzosi, na tiba ni kulipanua lile tundu au kwenda westigeti ya nje. Lishughulikie kabla ya kuendelea, boosti usiyoidhibiti inaua.

Nimeacha hela mwishoni makusudi. Kwa maoni yangu turbo yenyewe isizidi theluthi moja ya bajeti yako yote, na ukiona inazidi shusha turbo, usishushe vingine. Kwa sababu angalia: hospawa 300 kwa petroli, injini ya turbo inakula kama paundi 0.6 za petroli kwa kila hospawa kwa saa, jumla 180, gawa kwa injekta 4 ni 45, na injekta usiitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, unafika 56, ambayo ni kama cc 590 kwa dakika. S13 ilikuja na injekta za cc 370. Kwa hiyo kabla turbo haijafanya lolote unahitaji injekta, na pampu ya petroli ya kuzilisha. Halafu intakula ya maana, mabomba na hozi zenye klempu nzuri, gasketi, daunpaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye turbo), klachi ambayo ile ya zamani itaanza kuteleza siku ya kwanza, plagi za baridi zaidi kidogo, geji ya waidibendi ili uone mchanganyiko wa hewa na petroli kwa macho yako, na kompyuta ya injini inayoweza kutuniwa pamoja na fundi wa kuituni kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya gari. Huyu wa mwisho usimpunguzie hata kidogo. Nimeona gari lenye turbo ya kawaida sana na kutuni kuzuri likiliacha gari lenye turbo ya bei mbaya ambalo linaogopa kukanyagwa.

Unaweza kununua kwa awamu, na mpangilio ninaoupenda ni huu: intakula, daunpaipu, pampu na geji kwanza ukiwa bado na turbo yako ya zamani, ufurahie gari, ujue injini ina afya kwa kupima kompresheni silinda zote, halafu injekta na kompyuta, turbo inaingia mwisho siku ile ile unayokwenda kutuni. Ukishaifunga, mimina oili safi kwenye tundu lake uizungushe kwa mkono, kisha chomoa waya wa injekta na koili upige stata mpaka geji ya oili ipande, ndo uwashe. Iache isilensa bila kukanyaga mafuta dakika kadhaa, kagua kila muunganiko wa oili na maji na tochi. Nenda kwenye daino na boosti ya springi ya westigeti tu, bila kontrola ya boosti, mpaka fundi aseme mchanganyiko umekaa na hakuna kugonga, na baada ya siku chache za kuendesha rudia kukaza bolti za manifoldi na daunpaipu zikiwa baridi, kwa sababu joto la kwanza huwa linazilegeza.